Gleb Yakunin: Padri Aliyeadhibiwa na Dola na Kanisa Lake

Adhabu ya kwanza aliyopewa Padri Gleb Yakunin haikutoka KGB, idara ya usalama ya Kisovieti, wala mahakamani. Ilitoka kwa patriaki wake, yaani mkuu wa kanisa lake. Mnamo Mei 1966 Patriaki Alexy wa Kwanza wa Moscow alimpiga marufuku kuhudumu altareni, yeye pamoja na mwenzake Padri Nikolai Eshliman, kwa kosa la kuandika barua. Ilipita miaka 13 kabla serikali ya Kisovieti haijamtia mbaroni, na serikali hiyo ilipokwisha kuanguka, kanisa lilimvua upadri mwaka 1993, kisha likamtenga kabisa mwaka 1997. Wanaosimulia mateso ya makasisi wa Kiorthodoksi chini ya Wasovieti huiweka dola upande mmoja na kanisa upande mwingine, mtesi huku na mteswa kule. Maisha ya Yakunin hayakubali mgawanyo huo, na ndiyo maana nimeyachagua mbele ya maisha ya maelfu waliopigwa risasi mwaka 1937, ambao habari zao hazina ubishi.

Alizaliwa Moscow tarehe 4 Machi 1934. Alipokuwa kijana aliacha imani, jambo lisilo la ajabu kwa mtu aliyesomeshwa katika shule zilizofundisha kwamba Mungu hayupo. Aliirudia akiwa mwanafunzi katika chuo cha kilimo huko Irkutsk, Siberia, ambako alikaa na kusoma na Alexander Men, kijana mwenye asili ya Kiyahudi aliyekuja kuwa mhubiri mashuhuri kuliko wote wa kizazi chake, na ambaye aliuawa kwa shoka asubuhi ya tarehe 9 Septemba 1990 akielekea kanisani. Yakunin alipewa upadri Agosti 1962. Hakuna aliyeweza kuchagua wakati mbaya zaidi wa kuingia katika kazi hiyo tangu enzi za Stalin.

Kwa wasomaji wengi wa Afrika, Nikita Khrushchev ni yule kiongozi aliyefichua maovu ya Stalin na aliyeanzisha mwaka 1960 Chuo Kikuu cha Urafiki wa Watu, ambacho baadaye kilipewa jina la Patrice Lumumba na kusomesha madaktari na wahandisi wetu wengi. Sifa hizo ni za haki. Lakini mtu huyohuyo, kati ya mwaka 1958 na 1964, aliongoza kampeni iliyopunguza makanisa ya Kiorthodoksi yaliyokuwa wazi kutoka zaidi ya 13,000 hadi yapata 7,500. Damu haikumwagika kama miaka ya 1930. Kampeni ilifanywa kwa karatasi, mihuri na saini, na kwa sababu hiyo ulimwengu wa nje haukuiona, au uliiona ukatazama pembeni.

Inafaa tuiangalie mashine hiyo kwa karibu, maana Yakunin aliishi ndani yake. Chini ya sheria ya tarehe 8 Aprili 1929, parokia haikuwa mali ya askofu wala ya padri. Ilikuwa kikundi cha waumini 20 walioandikishwa serikalini, ambao walikabidhiwa jengo na vyombo vya ibada kwa mkataba, kwa kuwa vyote vilikuwa mali ya taifa. Padri naye hakuweza kuhudumu bila cheti cha kuandikishwa kutoka kwa afisa wa serikali aliyesimamia mambo ya kanisa katika mkoa. Afisa huyo hakulazimika kumfunga mtu. Akikichukua kile cheti, padri hana kazi, hana mshahara, na askofu hana njia ya kumsaidia ila kumhamisha, kama afisa wa mkoa mwingine ataridhia. Kikundi cha watu 20 nacho kilipenyezwa wajumbe watiifu, hata wasioamini, ambao wangeweza kuamua siku moja kwamba kanisa halina haja ya kuendelea. Kanisa likafungwa kwa ombi la waumini wake wenyewe, na kumbukumbu za serikali zikabaki safi.

Lililobaki lilimalizwa na maaskofu. Tarehe 18 Julai 1961 waliitwa kwa haraka kwenye monasteri ya Utatu na Mtakatifu Sergius, nje kidogo ya Moscow, na katika kikao cha siku moja wakaridhia kanuni mpya zilizowaondoa mapadri katika uongozi wa parokia zao. Tangu hapo padri alikuwa mwajiriwa wa kamati ya walei, mtu wa kuendesha ibada na kwenda zake. Ikawa pia kawaida kwamba mtoto akiletwa kubatizwa, wazazi watoe pasipoti zao ziandikwe kwenye daftari, na daftari hilo lilisomwa na watu ambao hawakuwa na haja yoyote na ubatizo. Mwalimu au mhandisi aliyembatiza mwanawe Jumapili aliweza kuitwa kujieleza kazini siku chache baadaye. Kikao hichohicho cha maaskofu kiliridhia Kanisa la Urusi liingie katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni, na Novemba ya mwaka huo lilipokelewa kwa shangwe katika mkutano wa New Delhi. Siku ileile waliyomnyang'anya padri wa kijijini parokia yake, maaskofu walijifungulia mlango wa majukwaa ya kimataifa. Sioni namna ya kulichukulia hilo kuwa sadfa tu.

Haki inadai tuwasikilize maaskofu nao. Patriaki Alexy wa Kwanza hakuwa mtu wa kusoma historia vitabuni. Alikuwa mmoja wa maaskofu wanne tu waliobaki huru na wenye majimbo mwaka 1939, baada ya wenzao kuuawa au kupelekwa kambini. Mnamo Septemba 1943 alikuwa miongoni mwa watatu walioitwa Kremlin usiku na Stalin, aliyehitaji kanisa kwa ajili ya vita. Mtu aliyeona kanisa zima likikaribia kufutika, kisha likarudishiwa uhai kwa neno la mtu mmoja, ataamini kwamba uhai huo unaweza kuondolewa kwa neno la mtu mmoja vilevile. Hoja yake ilikuwa kwamba altare moja iliyo wazi, hata ikiwa chini ya jicho la mpelelezi, ni bora kuliko ujasiri unaoishia katika kanisa lililogeuzwa ghala la nafaka. Hoja hiyo ina uzito. Udhaifu wake ni kwamba kufikia mwaka 1965 utiifu ulikuwa umekwisha kugharimu altare zaidi ya 5,000, na bado wenye hoja waliendelea kuiita kinga.

Huo ndio moyo wa barua ambayo Yakunin na Eshliman walimpelekea patriaki mwishoni mwa mwaka 1965, na nyingine waliyomwandikia Nikolai Podgorny, mwenyekiti wa urais wa Baraza Kuu la Usovieti. Barua kwa Podgorny ilikuwa ya kisheria: ilionyesha jinsi maafisa wa serikali walivyovunja sheria za serikali yenyewe kwa kutoa amri za mdomo, kupanga mapadri na kufunga makanisa. Barua kwa patriaki ilikuwa kali zaidi, kwa sababu ilimwambia baba kwamba amenyamaza watoto wake wakiporwa. Nakala zilipelekwa kwa maaskofu wote wa majimbo. Wapo waliounga mkono kwa siri. Jibu rasmi lilikuwa marufuku ya Mei 1966, iliyowashutumu waandishi kwa kuvuruga amani ya kanisa.

Kiufundi, patriaki alikuwa na haki ya kufanya hivyo, kwa kuwa padri hutumika kwa baraka ya askofu. Lakini tazama ni kazi ya nani iliyofanyika. Serikali ilitaka mapadri wawili wanyamazishwe bila kelele za mahakama, na kanisa likaifanya kazi hiyo kwa kalamu yake, kwa lugha ya utiifu na unyenyekevu. Yakunin hakupanda altareni tena kwa miaka 21.

Hapa ndipo habari hii inapofika Nairobi. Mkutano Mkuu wa Tano wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni ulipangwa ufanyike Jakarta, ukahamishiwa Kenya, na ukafunguliwa tarehe 23 Novemba 1975 katika Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, lililokuwa bado jipya. Mada yake ilikuwa kwamba Yesu Kristo huweka huru na kuunganisha. Baraza lilikuwa na sifa ya kusema waziwazi: tangu mwaka 1970 lilikuwa likitoa misaada kwa vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika kupitia mpango wake wa kupiga vita ubaguzi wa rangi, na Waafrika wengi waliliheshimu kwa hilo. Nchi mwenyeji nayo ilikuwa na kumbukumbu yake, kwa sababu Waorthodoksi wa Kenya walifungiwa makanisa na shule na serikali ya kikoloni wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 1950.

Kwa mkutano huo Yakunin na mlei Lev Regelson waliandika rufaa kutoka Moscow. Waliwakumbusha wajumbe mashahidi wa imani wa Urusi na mateso ya miaka ya karibuni, wakauliza kwa nini Baraza halikupaza sauti wakati makanisa yakifungwa kwa maelfu, kisha wakapendekeza hatua za vitendo za kuwatetea waumini waliofungwa, wakiwemo wale waliowekwa katika hospitali za wagonjwa wa akili. Hawakuomba silaha wala fedha. Waliomba majina ya wafungwa yatajwe na yaombewe. Rufaa hiyo ilichapishwa katika gazeti la Kikristo la Target, jina ambalo Wakristo wa Kenya walilijua pamoja na pacha wake wa Kiswahili, Lengo, na wajumbe wakaikuta mikononi mwao kabla ya viongozi wao kuamua kama waisome.

Ujumbe wa Moscow ulilalamika. Jacques Rossel, mjumbe kutoka Uswisi, alipendekeza tamko la mkutano juu ya makubaliano ya Helsinki ya Agosti mwaka huo, ambamo nchi za Mashariki na Magharibi ziliahidi pia kuheshimu haki za binadamu, liongezewe maneno ya kuonyesha wasiwasi kuhusu kubanwa kwa uhuru wa dini, hasa katika Umoja wa Kisovieti. Mjadala ulipamba moto, ukageuka mabishano juu ya taratibu za kikao, na suala likarudishwa kwenye kamati ya uandishi. Lililotoka huko halikumlaumu yeyote: Katibu Mkuu Philip Potter aliombwa afanye mashauriano na makanisa ya nchi zilizotia saini Helsinki, na atoe taarifa kwa Kamati Kuu Agosti 1976. Mkutano uleule ulimchagua Mitropoliti (askofu wa cheo cha juu) Nikodim wa Leningrad, wa Kanisa la Urusi, kuwa mmoja wa marais wa Baraza.

Ni rahisi kuucheka mkutano ule kwa unafiki, na magazeti ya Magharibi yalifanya hivyo kwa furaha. Mimi nadhani tatizo lilikuwa zito zaidi ya unafiki. Baraza lilipokea habari za kila nchi kupitia kanisa mwanachama la nchi hiyo. Kanisa la Afrika Kusini likisema linaonewa, Baraza linasikia. Kanisa la Urusi likisema halionewi, Baraza litamsikiliza nani mwingine? Padri aliyepigwa marufuku na patriaki wake hakuwa mwakilishi wa mtu. Marufuku ya mwaka 1966, iliyoonekana jambo la nidhamu ya ndani, ilifanya kazi yake Nairobi miaka tisa baadaye: ilimfanya shahidi aonekane mtovu wa nidhamu. Hata hivyo rufaa haikupotea bure. Suala la uhuru wa dini katika nchi za Kisovieti liliingia kwenye ajenda ya Baraza, ambako hapo awali halikuwa likitajwa.

Yakunin alijifunza kutokana na Nairobi kwamba malalamiko bila nyaraka ni kelele. Desemba 1976, pamoja na shemasi mtawa Varsonofy Khaibulin na Viktor Kapitanchuk, alianzisha Kamati ya Kikristo ya Kutetea Haki za Waumini katika Umoja wa Kisovieti. Kazi yake ilikuwa ya karani: kupokea malalamiko, kuhakiki, kupiga chapa kwa taipureta na kupenyeza nakala nje ya nchi. Jambo ninaloliona kubwa kuliko yote katika kamati hiyo ni kwamba haikuwatetea Waorthodoksi peke yao. Wabaptisti waliokataa kuandikishwa, Wapentekoste waliotaka kuhama nchi, Waadventisti, Wakatoliki wa Lithuania, wote waliletewa kalamu ileile, na hilo lilifanywa na padri wa kanisa ambalo lilikuwa na mazoea ya karne nyingi ya kuyaona madhehebu hayo kama wavamizi.

Alikamatwa tarehe 1 Novemba 1979, wakati Moscow ikisafishwa kwa ajili ya michezo ya Olimpiki ya mwaka uliofuata. Miezi miwili baadaye alikamatwa Padri Dmitry Dudko, mhubiri aliyependwa kuliko Yakunin, ambaye mazungumzo yake ya maswali na majibu yalijaza kanisa na ambaye alikwisha kutumikia kifungo cha miaka mingi tangu enzi za Stalin. Juni 1980 Dudko alitokea kwenye televisheni akajutia kazi yake na kuikana. Kapitanchuk na Regelson nao walijuta, wakapewa vifungo vya nje. Sitawahukumu watu waliowekwa katika vyumba ambavyo sijaviona. Nasema tu kwamba majuto hayo yalikuwa na thamani kubwa kwa serikali kuliko kifungo chochote, maana yaliwaambia waumini kwamba hata walio imara hawakuwa imara, na kwa hiyo Yakunin alipofikishwa mahakamani Agosti 1980 alikuwa amebaki karibu peke yake. Alihukumiwa kwa kifungu cha 70 cha sheria ya jinai, uchochezi na propaganda dhidi ya Usovieti: miaka mitano ya kambi yenye ulinzi mkali, na mitano ya uhamisho. Nyumbani alimwacha mke na watoto watatu.

Alipelekwa katika kambi za Perm, upande wa milima ya Ural. Huko walimnyang'anya Biblia yake, naye mwaka 1981 akagoma kula akidai arudishiwe. Ukitaka kujua mateso ya kipindi cha Brezhnev yalikuwaje, anzia hapo: hapakuwa na kikosi cha kupiga risasi, palikuwa na mlinzi mwenye kanuni inayosema kitabu kipi kinaruhusiwa, na mfungwa asiye na kitu cha kubisha nacho isipokuwa tumbo lake. Baada ya kambi alisafirishwa kwenda uhamishoni Yakutia, akakaa huko hadi alipoachiliwa kwa msamaha wa Gorbachev mwaka 1987. Kanisa lilimrudishia huduma ya upadri mwaka huohuo.

Kama maisha yake yangeishia hapo, leo angekuwa na picha ukutani. Lakini mwaka 1990 alichaguliwa kuwa mbunge wa Urusi, akashiriki kuandaa sheria ya uhuru wa dini ya Oktoba mwaka huo, na baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1991 akaingia katika tume ya bunge iliyopewa ruhusa ya kusoma mafaili ya KGB. Alichokikuta katika mafaili ya idara iliyoshughulikia makanisa ni taarifa za mawakala waliotajwa kwa majina ya siri, zikieleza safari za nje na mikutano ya kimataifa ya makanisa ambako mawakala hao walitumwa kulinda maslahi ya dola. Kwa kulinganisha tarehe za safari na orodha za wajumbe zilizochapishwa katika jarida la kanisa lenyewe, jina la siri liliweza kupata sura. Ilikuwa mbinu ya kihasibu, isiyohitaji ufunuo wowote. Yakunin alitangaza kwamba wakala "Drozdov" alikuwa Alexy wa Pili, patriaki aliyekuwa madarakani, jambo ambalo patriarkia haikulikubali. Tume ilifungwa mapema mwaka 1992, na mafaili hayakufunguliwa tena kwa watafiti.

Katika maaskofu wote, Khrizostom wa Vilnius ndiye aliyejitokeza akasema hadharani kwamba alishirikiana na KGB kwa miaka 18, akataja na jina lake la siri, "Restavrator", akieleza kwamba alifanya hivyo kulinda jimbo lake na si kuwachongea watu. Aliendelea kuwa askofu, wala anga halikuanguka. Kwa hiyo njia ya tatu kati ya kukana na kuangamia ilikuwepo, na wengine hawakuifuata.

Mwaka 1993 Sinodi Takatifu iliamua kwamba makasisi hawaruhusiwi kugombea ubunge. Yakunin alikataa kujitoa, akavuliwa upadri mwezi Novemba, naye akaendelea kuvaa kanzu na msalaba wake hadi Baraza la Maaskofu lilipomtenga Februari 1997. Kanuni yenyewe ina mantiki; hata mimi nisingependa padri wangu awe mbunge. Tena Yakunin wa miaka ile alikuwa mkaidi na mwepesi wa kushutumu, na kanisa dogo alilosaidia kuanzisha mwaka 2000 halikupata wafuasi wengi. Alifariki dunia tarehe 25 Desemba 2014. Lakini kanisa ambalo lilikuwa na nguvu za kumwadhibu padri kwa kugombea ubunge halikumwadhibu hata mmoja kati ya watu wa yale majina ya siri kwa kosa la kushirikiana na KGB.

Jambo hili limetukaribia tena. Desemba 2021 Patriarkia ya Moscow ilianzisha eksarkia yake, yaani jimbo lake la ng'ambo, barani Afrika, ikapokea makasisi 102 kutoka nchi nane, Kenya ikiwemo, waliokuwa chini ya Patriarkia ya Aleksandria, baada ya Aleksandria kulitambua kanisa huru la Ukraine. Makasisi hao walikuwa na shida zao za kweli, za mishahara na za kupuuzwa, na sina haja ya kuwalaumu. Lakini padri wa Kikuyu au wa Kiluo anayeweka saini chini ya Moscow leo anaingia katika kanisa ambalo hadi sasa halijamwondolea Gleb Yakunin adhabu ya mwaka 1997, wala halijaomba mafaili yale yafunguliwe.